Mshale wa Merv Tregenza

Mimi muuaji namjua kwa kumtazama tu. Nimeendesha baa hapa Mulgaroo tangu barabara ilipokuwa vumbi tupu, na hajapita mtu mbaya mbele ya kaunta yangu nisimtambue kabla hajamaliza bia yake ya kwanza. Clint Haddrill alipopita Ijumaa mchana nilimkazia macho, nikampima juu mpaka chini, kisha nikamwongezea mchuzi kwenye viazi na kumwambia laiti mjukuu wangu angepata mume mwenye adabu kama yeye. Basi tuyaache macho yangu. Twende na ya Sajini Lorna Quilty, ambayo serikali inayalipia.

Pale mezani Clint alikuwa na Dallas Fennimore. Walikuja kutoka mjini kama kila mwaka, wakielekea Kirramunda, shamba la rafiki yao Merv Tregenza, kumpunguzia nguruwe. Si nguruwe wa zizini hao. Ni uzao wa wale waliotoroka enzi za mababu wakaota meno na roho mbaya. Wanamla mwanakondoo bado ana utelezi wa kuzaliwa, na mama yake anatazama. Mtu mwenye akili huwapiga kwa bunduki. Hawa watatu walikuwa watu wa upinde, na si upinde wa magurudumu na vioo, ule wa vijana. Upinde wa mti, mshale wa mti, manyoya ya bata mzinga, na majigambo ya kutosha kujaza ghala.

Dallas hakuwa na breki mdomoni. Aliniuliza baa nzima ikisikia, "Bibi Dot, nguruwe akipewa medali ya upinde, halafu fuvu lake likakutwa na risasi ndani, tuseme aliimeza akidhani ni karanga?"

Watu wakacheka mpaka mbwa akaamka. Mwenye medali hiyo alikuwa Clint, na ndiye mwenyekiti wa chama chao cha upinde. Clint naye alicheka, akaniomba mchuzi. Ndipo nilipomwongezea.

Jumamosi, umande haujakauka, Dallas alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la bwawa la chini, mshale wa Merv mgongoni.

Nguruwe walikuwa wamemfikia kabla ya watu. Sikio la kushoto halikuwapo. Mkono mmoja ulikuwa umetafunwa mpaka kwenye kifundo, na saa bado imefungwa hapo inatembea. Pembeni alilala nguruwe jike mweusi, kichwa kimepasuliwa kwa mti wa uzio, ubongo umechanganyika na majani. Merv Tregenza alikaa chini katikati ya hao wawili, ule mti wa uzio magotini, damu mpaka kwenye nyusi.

Konstebo Des Mifsud alitazama, akageuka, akatapika kwa heshima nyuma ya gari la polisi. Des amebakiza kidogo tu kustaafu, na kitu pekee anachokiua ni samaki.

Sajini Lorna hakugeuka. Ni mwanamke mfupi, binti wa mkata manyoya ya kondoo, na huvaa kofia yake kama amegombana nayo.

"Nani alimwona kwanza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Merv. "Na mimi ndiye niliyemuua, kwa hiyo usijisumbue, afande."

"Nieleze hivyo hivyo nikiwa nimejisumbua."

Merv alieleza bila kuinua macho. Alfajiri walitoka wawili, yeye na Dallas. Clint alibaki kitandani, pombe ya jana imemshika. Merv alishika upande wa juu wa matete, Dallas upande wa chini. Matete ya bwawa lile ni marefu kumpita mtu na yameshonana kama mkeka. Merv akasikia kitu kinavunja mashina, akaona weusi, akaachia mshale. Kimya. Hakuna mlio, hakuna damu. Akautafuta mshale asiuone. Baadaye akasikia nguruwe wanagombania chakula ng'ambo ya pili.

"Nikasema wamepata mzoga wa kondoo," alisema. "Nikazunguka. Nikaona viatu."

"Una hakika huu ni mshale wako?"

"Manyoya mawili mekundu, moja jeupe. Nimeyagundisha mwenyewe. Nililenga sauti ya matete, Lorna. Miaka yote nawaambia watu walenge mnyama, wasilenge sauti. Nimempiga Dallas."

Lorna akamwita Des kando. "Mweke nyuma ya gari. Mvue mkanda, chukua kisu. Kisha nenda nyumbani kwake utoe bunduki zote, na ufunguo wa kabati ubaki nao."

"Na kamba za viatu?"

"Na kamba za viatu."

Redio ya gari ikakohoa. Wapelelezi wa mjini walikuwa njiani, ndege ingetua mchana kwenye uwanja wa vumbi wa Merv mwenyewe. Lorna alijibu "Sawa" na kuirudisha redio mahali pake. Alijua watakachokuta: mtu ana damu, mshale ni wake, na mdomo wake mwenyewe unasema ni mimi. Chai hawatakunywa. Watampakia kwenye ndege, na watu wa Mulgaroo wote tunajua Merv, tangu mkewe afe, alikuwa amebakiwa na kondoo na marafiki wawili. Mtu wa namna ile, akiamini amemuua mmojawapo, hafiki mahakamani. Hupatikana amening'inia.

Kwa hiyo Lorna alikuwa na asubuhi tu.

Alipiga magoti kwenye tope. Mshale uliingia chini ya bega la kushoto. Aliingiza kidole kilichovaa glavu, akapapasa ukingo wa jeraha. Mfupa wa bega ulikuwa umepasuka kama sahani. Des aliporudi na mafungu ya bunduki, walimwinua Dallas kidogo ubavuni. Chembe, yaani kile chuma cha mbele, kilikuwa kimetokeza kifuani, kipana, kikali pande zote, kimeshika nyama nyekundu kwenye pembe zake.

"Umepita mfupa, umepita pafu, umetoka upande wa pili," alisema Lorna. "Mshale uliokwisha kupita kwenye matete yote haya, unagonga shina moja baada ya jingine. Unaweza?"

"Mimi navua samaki, afande."

"Basi tazama kama mvuvi. Umeona shina lililokatwa?"

Des aliinama, akatazama ukuta wa matete nyuma ya maiti. Chembe kile kingeyakata kama wembe. Yote yalikuwa mazima, yanatikisika kwa raha zao.

"Halijakatwa hata moja," alisema.

"Sasa tazama chini."

Kwenye tope, nyuma ya Dallas, palikuwa na nyayo. Si viatu, si miguu mitupu. Zilikuwa laini, pana, hazina vidole, na kisiginoni pana alama ya ufumaji.

"Soksi," alisema Des.

Hapo hata mimi nisingehitaji kuambiwa. Watu wa upinde, wakimkaribia mnyama sana, huvua viatu. Soksi hazivunji kijiti. Merv alikuwa amevaa mabuti, mazito, yenye chuma kidoleni, sasa hayana kamba.

"Mtu alimnyemelea Dallas kama nguruwe," Lorna alisema. "Lakini hilo wa mjini watasema Dallas mwenyewe alivua viatu akavivaa tena. Nataka mshale wa Merv wa leo asubuhi. Ule uliopotea. Nikiupata mahali pengine, huu ulio mgongoni ni mwingine."

"Tutautafuta wapi?"

Lorna alinyoosha kidole kwenye matete.

"Afande, mimi nina magoti mabaya."

"Yalete yote mawili."

Waliingia kwa upande wa juu, mahali Merv aliposimama. Lorna mbele, bastola mkononi, Des nyuma na fimbo ya kupekulia. Ndani mlikuwa na joto la pumzi na harufu ya mkojo wa nguruwe. Walifuata shina lililokatwa, kisha jingine, mikato myeupe, safi, kimo cha goti. Mshale ulipita hapa. Halafu mikato ikaisha ghafla, na mahali ilipoishia palikuwa na tone la damu kwenye jani, jeusi, limeanza kukauka.

"Alisema hakuna damu," alinong'ona Des.

"Merv hakuingia mpaka huku. Nyamaza."

Kitu kilipumua.

Des alisema baadaye kwamba aliona matete yakifunguka kama pazia. Hakuona zaidi, kwa sababu nguruwe dume yule alimpita Lorna ubavuni, akampiga Des mapajani, akamnyanyua. Mtu mzima, na tumbo lake lote, alienda juu na kurudi chini chali kwenye maji, na mnyama akawa juu yake, kichwa kinafagia kushoto kulia, meno yanapasua suruali na kilichomo. Des alipiga ukelele ambao sikudhani mwanamume wa umri wa kupiga kura anao.

Lorna alipiga risasi begani. Dume lilitikisika tu. Nguruwe wa umri ule ana ngao ya ngozi begani, ngumu kama tairi, na risasi ile ya bastola ilimkasirisha zaidi. Likamgeukia. Povu jekundu, macho madogo, pua imelowa damu ya Des. Lorna hakuwa na pa kukimbilia, matete yalikuwa yamembana mgongo. Alingoja. Likaja. Akatia mdomo wa bastola karibu kabisa na sikio, akafyatua, akafyatua tena, na uzito wake wote ukamwangukia miguuni na kumkalisha chini kwenye tope.

Lilirusha mateke muda mrefu. Likampiga Lorna bega, likachimba matope, likanyamaza.

"Nimekufa?" aliuliza Des.

"Ungekuwa umekufa ungekuwa umenyamaza."

Paja lake lilikuwa limefunguka mpaka kwenye weupe. Damu ilitoka kwa kuruka. Lorna aliingiza mkono mfukoni mwa Des, akatoa mkanda wa Merv, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa fimbo mpaka Des akamtaja mama yake na mama wa Lorna pia. Damu ikapungua. Ndipo alipogeuka kumtazama yule dume vizuri.

Ubavuni mwake, kwenye ile ngao ya bega, palichomoza mshale. Mti wake umevunjika katikati, kipande cha nyuma kinaning'inia kwa nyuzi za mbao. Manyoya mawili mekundu, moja jeupe.

"Des," alisema Lorna. "Nitakununulia ndoano."

Alikata ngozi kwa kisu. Chembe kilikuwa kimeingia kina cha kidole na kusimama. Hakikufika hata kwenye mbavu. Aliupima mshale kwa macho, akaunganisha vipande viwili. Akapima tena. Kisha alimkokota Des nje kwa kola, kama anavuta gunia la manyoya, akaita gari la wagonjwa kwa redio, akampa Des maji, na akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari ambako Merv alikaa akitazama magoti yake.

"Leo asubuhi uliachia mishale mingapi?"

"Mmoja."

"Huu hapa. Nimeutoa kwenye nguruwe."

Merv aliushika. Alipitisha kidole gumba kwenye manyoya.

"Sikumuua?"

"Hukumuua. Nguruwe yule ndiye mwenye malalamiko, na naye amenyamaza."

Merv alilia kwa sauti mbaya, sauti ya mtu asiyejua namna ya kulia. Lorna alimwacha kidogo tu.

"Baadaye utamalizia, Merv. Nina haraka. Kwa nini uliingia kina cha kidole? Mwaka jana nilikuona kwenye maonyesho unatoboa tairi."

Mzee wa watu akaona haya. Akaangalia huku na huku kama kondoo wangemsikia. "Bega. Yule dume wangu wa kondoo, Askofu, alinipiga kwenye lango. Kitu kikakatika humu ndani. Siwezi tena kuvuta mpaka shavuni. Navuta mpaka hapa tu, kifuani. Kwa hiyo niliikata mishale yote, nikaifanya mifupi, ilingane na mkono."

"Lini?"

"Wiki hii. Nilijifungia kwenye banda la manyoya. Wale wangenicheka mpaka Krismasi, hasa Dallas. Sikumwambia mtu yeyote."

"Clint je?"

"Nimesema mtu yeyote. Jana jioni nilimlenga mbuzi mwitu kule kilimani, nikamkosa vibaya, nikasingizia jua. Mshale ukapotelea kwenye mawe. Clint akasema pumzika, mimi nitauleta. Akarudi mikono mitupu."

Lorna aliutazama mshale uliovunjika mkononi mwake, kisha akatazama kule mabweni ya wakata manyoya, mahali wageni wanapolala.

"Shuka," alisema. "Njoo nami. Simama nje ya mlango, na usiseme kitu mpaka nikuite."

"Suruali inanivuka, Lorna."

"Ishike."

Clint Haddrill alikuwa jikoni, mrefu kama nguzo ya simu, anakaanga mbavu za kondoo. Alikuwa amechana nywele. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kitambaa cheupe cha jikoni, kwenye kifundo cha kidole cha shahada. Nje, kwenye kamba ya ukumbini, soksi moja na ya pili yake zilikuwa zinadondosha maji. Mwanamume kufua soksi zake mwenyewe, na yuko mapumzikoni: mimi hapo ningemfunga bila kuuliza swali la pili.

"Afande," alisema Clint kwa upole. "Nimesikia risasi. Maskini Merv. Yuko wapi?"

"Ametulia. Ulikuwa hapa asubuhi yote?"

"Kitandani. Kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo. Niliamka Merv alipopiga kelele. Nikakimbia, nikaona, nikarudi kupiga simu. Sikuweza kukaa pale." Aligeuza mbavu. "Kaa, ule. Una damu mpaka masikioni."

"Si yangu. Soksi zile?"

"Zilinuka."

"Kichwa kinapigwa nyundo, rafiki yako ameliwa sikio, ukakumbuka kufua soksi."

"Mtu akishtuka hufanya vitu vya ajabu. Mke wangu alipojifungua nilipaka rangi lango."

"Dallas alikutania pale baa, habari ya medali."

"Dallas aliwatania wote. Ungemuua kwa utani, ungekuwa na foleni mbele yako."

Lorna alikubali kwa kichwa. Lilikuwa jibu zuri, na Clint alijua ni zuri, akamtilia chai.

"Na mkono?"

"Waya. Wa uzio, ule wa miiba. Nilivuka nikikimbia kwa Merv."

"Fungua nione."

"Kitambaa kimegandana na kidonda."

"Fungua."

Clint alifungua. Kifundo kilikuwa kimekatwa kwa juu, mkato mmoja ulionyooka, mdomo wake safi kama wa samaki. Kilionekana kitu cheupe ndani.

"Waya wa miiba huchana," alisema Lorna. "Huu umekatwa."

"Waya mpya. Mkali sana."

"Merv hajanunua waya mpya tangu mvua iache kunyesha." Alikunywa chai. "Upinde wako uko wapi?"

"Ukutani. Haujashuka tangu jana."

Lorna aliushusha mwenyewe. Ulikuwa mrefu kuliko yeye. Mshikio wa ngozi ulikuwa na unyevu, umesuguliwa kwa sabuni, lakini pale juu ya mshikio, mahali mshale unapolala, kwenye ufa mdogo wa mbao, palikuwa na mstari mwekundu mwembamba.

"Damu ya mbuzi," alisema Clint kabla hajaulizwa. "Ya jana."

"Jana ulipiga mbuzi?"

"Niligusa mbuzi."

"Aliyepigwa na nani? Merv alimkosa."

Mbavu zilianza kuungua. Clint alizima moto. Alipogeuka, sauti ilikuwa imepoteza sukari kidogo. "Sema unalotaka kusema, dada."

"Sajini."

"Sajini. Merv amekiri. Mshale ni wa Merv. Mimi mshale wa mtu mwingine siuweki kwenye upinde wangu, muulize mtu yeyote wa chama. Nini kingine?"

"Jambo dogo, nalo ni la ujinga wangu. Sijawahi kuvuta upinde. Wa mjini wataniuliza mshale wa Merv unavutwaje, nami sijui. Nionyeshe." Alitoa kwenye koti mshale mzima aliouchukua kwenye podo, ule mfuko wa mishale wa Merv, akauweka mezani. Chembe kikagonga sahani. "Lenga gunia lile la viazi. Usiachie."

Clint alimtazama Lorna. Angeweza kukataa. Lakini mtu anayejidai hana hatia hukataa nini? Alisimama, akauweka kwenye ugwe, ile kamba ya upinde, akainua. Mabega yake yalifunguka mapana, mgongo ukanyooka, na hapo, anasema Lorna, mtu alipendeza kweli. Ndiyo maana na mimi nilimpa mchuzi. Alivuta. Macho kwenye gunia. Ugwe ukapita kifua, ukaanza kupanda kuelekea shavu, ukasimama njiani.

"Mbona hufiki shavuni?" Lorna aliuliza. "Picha zako zote pale baa umefika shavuni."

"Inatosha hapa."

"Vuta mpaka mwisho."

"Chembe kitanikata, si unaona? Mshale mfupi!"

"Sijaona. Nawe ulipovuta hukuutazama, macho yalikuwa kwenye gunia. Umejuaje?"

Clint aliurudisha ugwe polepole, akashusha upinde. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kila mtu anajua," alisema. "Mishale ya Merv ni mifupi. Ana mikono mifupi, Merv."

"Tangu lini?"

"Tangu nimjue! Mwaka jana tulikuwa hapo hapo uwanjani, akanipa mmoja nijaribu. Nikavuta, chembe kikanirudia mpaka hapa mkononi, nusura kinitoe kidole. Tulicheka siku nzima. Tangu siku hiyo sijagusa mshale wake."

"Mwaka jana."

"Mwaka jana. Dallas aliona."

"Dallas hawezi kunisaidia. Merv! Ingia."

Merv aliingia ameshika suruali kwa mkono mmoja. Damu ilikuwa imemkaukia usoni, machozi yameichora njia. Hakumtazama Lorna. Alimtazama mwenzake aliyekuwa akimpokea langoni kila mwaka.

"Mwaka jana mishale yangu ilikuwa sawa na yako, Clint," alisema taratibu. "Ilikuwa kwenye podo moja na yako. Ulipiga nayo siku nzima, ukasema inaruka vizuri kuliko ya kwako. Hii nimeikata wiki hii, mlango nimefunga. Ungejuaje?"

Mbali, upande wa bondeni, mngurumo wa ndege ulianza kusikika, mdogo kama wa nzi.

"Bwana Haddrill," alisema Lorna, "Merv anakuuliza ulijuaje kwamba mishale yake ni mifupi."

Clint aliukaza mkono kwenye upinde. Kidole kilikuwa kimeanza tena kutoka damu, inatambaa kwenye mti wa upinde.

"Ni waya," alisema. "Nimekwambia. Ni waya."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za kidole.